Toyo Shibata: kitabu cha kwanza akiwa na miaka 98. Je, mshairi huchelewa, au sisi ndio tunaochelewa kumsikia?

#1 Kijana wa Pangani
Wakuu, habari za usiku.

Naanza na dai langu ili mnikosoe mapema: hakuna mshairi anayechelewa. Kinachochelewa ni masikio ya watu.

Nimesoma habari za bibi mmoja wa Japani anaitwa Toyo Shibata. Alianza kutunga mashairi akiwa na miaka 99, akatoa kitabu mwaka huohuo, kikauzwa nakala zaidi ya milioni moja na nusu. Gharama ya kukichapa aliitoa kwenye akiba aliyojiwekea kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Ujana wake wote alikuwa mtumishi wa nyumba za wageni.

Nauliza kwa sababu yananihusu. Mama yangu ana miaka 71. Ametulea kwa vitumbua, baba alifariki tukiwa wadogo. Juzi nimekuta chini ya godoro lake madaftari manne, yote mashairi. Kuna ya mwaka 1986. Sikuwahi kujua. Ndugu zangu wanasema tumwache, umri umekwenda, tusimsumbue. Mimi nataka tuyachape.

Nyie mnaonaje? Na huyu bibi wa Japani aliwezaje?

#2 Ngosha wa Isamilo
Nimeshavuta kiti. Nangoja wajuzi.

#3 Mwalimu Mstaafu
Kijana, asante kwa mada. Kwanza turekebishe tarehe, maana uzi mzuri ukijengwa juu ya hesabu mbovu utaanguka.

Toyo Shibata alizaliwa tarehe 26 Juni 1911 katika mji wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Alianza kutunga akiwa na miaka 92, wala si 99. Kabla ya hapo alikuwa akicheza ngoma za asili za Kijapani, mgongo ukamshinda, mwanawe akamshawishi ajaribu mashairi. Kitabu kilitoka Oktoba 2009, akiwa na miaka 98. Hicho ndicho alichokilipia mwenyewe, yeni milioni moja za mazishi. Machi 2010 kampuni ya uchapishaji ya Asuka Shinsha ikakitoa upya, mashairi 42, na hapo ndipo kilipolipuka. Akafariki tarehe 20 Januari 2013 akiwa na miaka 101.

Kwa hiyo kati ya shairi la kwanza na kitabu kuna miaka sita ya kazi. Wewe umeiruka yote, na mimi naona hiyo miaka sita ndiyo habari yenyewe.

#4 Kijana wa Pangani
Mwalimu, shikamoo. Nimekubali, nilisoma harakaharaka. Miaka sita alikuwa anafanya nini? Anaandika na kuweka chini ya godoro kama mama?

#5 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hapana. Alikuwa akipeleka gazetini. Gazeti la Sankei Shimbun lina safu ya mashairi ya wasomaji, jina lake tukilitafsiri ni kama "Wimbo wa Asubuhi". Mchaguzi wa safu hiyo alikuwa Kazue Shinkawa, mshairi mkubwa wa Kijapani, naye mwanamke. Shinkawa aliyapenda, akayachagua tena na tena, hata kitabu kilipotoka akakiandikia dibaji.

Angalia basi: palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu anayejua shairi ni nini. Huo ndio ufafanuzi wangu wa jambo hili zima. Sisi tulikuwa na mlango kama huo. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 lilipokea tungo za wasomaji kutoka kila pembe, watu wakajibizana humo kwa beti. Kenya, Taifa Leo bado wanazo kurasa zao za mashairi. Mama yako mwaka 1986 angeweza kupeleka. Muulize kama aliwahi.

#6 Mkaidi
Samahani wakuu, mimi naona mnamtukuza mtu kwa umri wake. Mtu akiwa na miaka 98 hata akiandika orodha ya sokoni itauzwa. Mchapishaji aliona bibi mzuri mwenye tabasamu, akaona biashara. Mashairi yenyewe hayana vina wala mizani. Ni maneno ya kutia moyo yamekatwakatwa mistari. Bibi huyohuyo angekuwa na miaka 45, mngemsoma?

#7 Binti Siyu
@Mkaidi hilo la vina mbona limeshachosha? Kezilahabi alitoa *Kichomi* mwaka 1974 na watu walipiga kelele hizohizo, wakamshika Amri Abedi na kitabu chake cha sheria za kutunga cha mwaka 1954 kama msahafu. Miaka hamsini imepita, bado tunahesabu kwa vidole.

Wajapani nao wana mizani yao. Haiku mizani 17, tanka 31, kale na kale. Bibi Toyo hakutunga hizo, alichagua shairi huru. Ukitaka kumpima, mpime kwa alichokusudia.

#8 Mkaidi
@Binti Siyu mimi ni mtu wa Tanga, vidole vyangu vimezoea kuhesabu, sitaviacha kwa ajili ya Kezilahabi. Lakini hujajibu swali langu la umri.

#9 Fundi wa Yokohama
Nipo huku mwaka wa 14 sasa, kazi ya magari yaliyotumika. Naomba kutia neno.

Moja, Shibata ni jina la ukoo, Toyo ndilo lake. Huku ukoo hutangulia.

Mbili, kitabu chake kinaitwa *Kujikenaide*, yaani "Usivunjike Moyo". Kijapani chake ni chepesi mno. Mimi niliyejifunzia lugha mnadani na gereji nakisoma bila kamusi. Mwenye nyumba wangu, mama wa miaka 80 na kitu, ndiye aliyenipa. Alikuwa amekinunua nakala tatu za kugawa. Aliniambia vitabu vya mashairi hajawahi kununua maishani, shuleni vilimtisha.

Tatu, @Mkaidi, Japani hii zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana miaka 65 kwenda juu, na ilikuwa hivyo hivyo kitabu kilipotoka. Wengi wanaishi peke yao. Toyo mwenyewe aliishi peke yake katika mji wa Utsunomiya tangu mumewe alipofariki mwaka 1992. Umri wake haukuwa kioja kwa wasomaji. Walikuwa ni yeye. Huku wanasema kitabu cha mashairi kikifika nakala elfu kumi basi kimefaulu, sasa piga hesabu hicho chake kilizidisha mara ngapi. Siamini tabasamu la kwenye jalada linatosha.

#10 Kadogo
Aisee fundi, na hiyo hela ya mazishi imenigusa. Bibi yangu mzaa mama ana sanduku la mninga, ndani kuna sanda, karafuu maiti, ubani na vitenge viwili vya waosha maiti. Kila mwaka anatoa, anaanika, anarudisha. Ukimwambia atoe sanda auze achape kitabu atakufukuza na mwiko!

#11 Fundi wa Yokohama
@Kadogo 😂 Huku hakuna sanda ya dukani ukaondoka. Ukumbi unalipiwa, kasisi wa Kibudha analipiwa, kuchoma mwili, chungu cha mifupa, kaburi la ukoo. Ndiyo maana wazee wanaweka akiba mapema wasiwaachie watoto mzigo. Kwa hiyo bibi kuigusa ile hela lilikuwa jambo zito.

Ana shairi moja linahusu akiba. Anasema watu wakimtendea wema anauweka moyoni kama benki, siku ya upweke anautoa. Halafu anamgeukia msomaji: anza kuweka sasa, ni bora kuliko pensheni.

#12 Nesi wa Zamu
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naomba niandike.

Kuna shairi lake anazungumza na daktari. Anamwambia usiniite bibi. Usiniulize leo ni siku gani, wala tisa jumlisha tisa ni ngapi. Niulize kama napenda mashairi ya Saijo Yaso. Niulize naionaje serikali ya Koizumi. Hayo nitafurahi kuulizwa.

Nilipolisoma nilisimama kwanza. Mimi kila siku wodini nawauliza wazee leo ni siku gani. Ni kipimo, tumefundishwa, na lazima kifanyike. Lakini mwaka ule tulikuwa na mama mmoja wa miaka 88 hivi, kila nikimuuliza siku ananitazama tu, nikaandika kwenye faili kwamba amepoteza kumbukumbu. Siku moja mjukuu wake alikuja, akaanza mstari wa kaswida, yule mama akaimaliza yote, beti baada ya beti, hakukosea. Alikuwa hataki tu kunijibu mimi. Nilirudi kwenye faili nikarekebisha.

@Kijana wa Pangani usiwasikilize wanaosema umri umekwenda. Umekwenda wapi?

#13 Dada wa Muscat
Nesi, umenitoa machozi.

Ila hapo kwenye "usiniite bibi" nina swali. Kwetu kumwita mtu bibi ni heshima. Mimi huku Oman nikikutana na mzee wa Kizanzibari sokoni namwita bibi, nampa shikamoo, anafurahi, ananiuliza mimi mtoto wa nani. Huyu wa Japani kwa nini alikataa?

#14 Nesi wa Zamu
Nadhani inategemea sauti, dada. "Bibi, shikamoo" ni kitu kimoja. "Bibi, nyanyua mkono, bibi, fungua mdomo" ni kitu kingine. La pili tunalitumia ili tusihangaike kujua jina.

#15 Mwalimu Mstaafu
Nesi ametupa pia tarehe bila kukusudia. Koizumi alikuwa Waziri Mkuu wa Japani kuanzia 2001 hadi 2006. Shairi hilo basi ni la miaka ya mwanzo, Toyo ana miaka tisini na tatu, tisini na nne hivi. Tayari ana ucheshi, tayari anajua kumgeuza aliyemzidi cheo. Mtu hapati ukali wa namna hiyo ghafla. Ulikuwamo.

Jambo jingine la kurekebisha katika #1: hakuzaliwa mtumishi. Nyumbani kwao walikuwa wafanyabiashara wa mchele, watu wenye uwezo, mali ikateketea akiwa binti, ndipo akaenda kufanya kazi kwenye nyumba za wageni na mikahawa. Aliolewa katika ujana wake, ndoa ikavunjika. Akaolewa tena akiwa na miaka 33 na mpishi, wakapata mtoto mmoja wa kiume, Ken'ichi. Huyo ndiye aliyemshauri aandike.

#16 Ngosha wa Isamilo
Kwa hiyo aliyemfungulia ni mtoto. Hoja yangu ndiyo hiyo: mzee asiye na mtoto wa kumsukuma haandiki. Na mtoto mwenyewe awe anapenda mashairi, nimesoma Ken'ichi naye alikuwa mtunzi. Vipaji vya wazee wangapi vimezikwa kwa sababu watoto wako mjini na simu ni ya kuomba namba ya muamala tu?

#17 Mpiga Chapa
Mimi nina karakana ndogo ya uchapaji. Niwaambie kitu cha upande wetu.

Kila mwezi anakuja mtu na daftari la mzazi. Wengi huja baada ya mazishi. Wanataka nakala 50 za kugawa kwenye hitima au arobaini. Daftari limeliwa na mchwa, wino umefifia, anayejua mwandiko hayupo tena. Nakutana na neno halisomeki, namuuliza mtoto, hajui. Nabaki kuweka nukta.

Kuna mchapishaji mmoja, simtaji, aliwahi kuchukua hela za mama mmoja wa jirani yangu, akamzungusha miaka miwili, mwisho akampa vitabu vyenye kurasa zilizopachikwa juu chini. Yule mama alivigawa hivyohivyo. Alisema bora viwe juu chini kuliko visiwepo.

Kijana, kama unachapa, anza na nakala 100. Usianze na elfu. Na umkalishe mama asome kila beti kwa sauti huku unarekodi kwenye simu. Fanya hilo hata kama hutachapa.

#18 Kijana wa Pangani
@Mpiga Chapa hilo la kurekodi sikuliwaza kabisa. Asante sana mkuu.

#19 Msomaji wa Usiku
Nimesoma uzi wote. Nataka kumpinga mleta uzi kidogo, halafu nimuunge mkono.

Nampinga kwa sababu kuna washairi wanawake ambao hawakuchelewa kuandika wala hawakufichwa kabisa, ila walitambuliwa mwishoni. Ruth Stone wa Marekani, alizaliwa 1915. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1959, na mwaka huohuo mumewe akajiua, akamwachia mabinti watatu. Akahangaika kutoka chuo kimoja hadi kingine akifundisha kwa mikataba mifupi, huku akirudi kwenye nyumba yake ya shamba huko Vermont. Alipopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani ilikuwa 2002, ana miaka 87. Aliishi hadi 96. Huyo aliandika muda wote. Mlango ulikuwepo na alikuwa anagonga.

Amy Clampitt naye, mzaliwa wa Iowa, 1920. Alifanya kazi za ofisini na maktaba New York, akaandika riwaya ambazo hakuna aliyezitaka. Kitabu kilichompa jina, *The Kingfisher*, kilitoka 1983 akiwa ameshapita miaka sitini. Mwaka 1992 akapata fedha za MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani, akanunua nyumba ndogo Lenox, Massachusetts, ya kwanza kuimiliki maishani. Mwaka 1994 akafariki. Miaka miwili tu.

Nakuunga mkono kwa sababu ukiwapanga hawa watatu, sababu zao hazifanani. Mmoja mgongo na mtoto, mmoja ujane na njaa, mmoja alikuwa akijaribu aina ya uandishi isiyo yake. Kitu pekee kinachofanana ni kwamba waliposikika, waliosikia walishangaa kwa nini hawakusikia mapema.

#20 Mkaidi
Huu sasa ndio mjadala. Ruth Stone namkubali, huyo kagonga mlango miaka arobaini. Lakini nyie mmechanganya "kutambuliwa" na "kuuza". Stone alitambuliwa na wajuzi. Shibata aliuza kwa umma. Ni vitu viwili.

Halafu Japani walipata tetemeko na tsunami Machi 2011. Watu walihitaji faraja. Kitabu kinaitwa "Usivunjike Moyo". Hapo ndipo pana jibu la mauzo.

#21 Fundi wa Yokohama
@Mkaidi tarehe zinakukataa ndugu yangu. Toleo la Asuka Shinsha ni Machi 2010. Tetemeko ni tarehe 11 Machi 2011. Kitabu kilikuwa kimeshatamba mwaka mzima. Kweli baada ya maafa aliwaandikia waathirika mashairi, na mwaka huo wa 2011 akatoa kitabu cha pili akikaribisha miaka mia. Lakini maafa hayakumtengeneza.

#22 Mkaidi
Sawa, tarehe nimekubali. Umri bado.

#23 Binti Siyu
Mimi natoka visiwa vya Lamu, siwezi kukaa kwenye uzi wa washairi wanawake bila kumtaja Mwana Kupona binti Mshamu.

#24 Kadogo
Huyu si ndiye wa Mombasa? Tulimsoma shuleni.

#25 Binti Siyu
@Kadogo Mombasa wana wao wa kutosha, huyu tuachieni 🙂 Mwana Kupona ni wa Pate, mumewe ni Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Seyyid Said miaka na miaka. Utendi wake ni wa 1858, beti mia na mbili, amemtungia binti yake Mwana Hashima. Mume ameshafariki, yeye mwenyewe mgonjwa. Anamwambia binti maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, njoo mbele ukae, leta wino na karatasi. Miaka kama miwili baadaye akafa.

Sasa huyu alichelewa? Hakutafuta jina. Alikuwa na msikilizaji mmoja na alimtosha. Wanawake wa kwetu walinakili utendi ule kwa mkono, wakausoma, wakaufundisha mabinti zao. Wazungu walipokuja kuuchapa katika karne ya 20 na kusema wamemgundua, sisi hatukuwa tumempoteza.

Ndiyo maana neno "kutambuliwa" linanikwaza. Kutambuliwa na nani? Madaftari ya mama Pangani, huenda majirani zake wanayajua mashairi yale kwa moyo. Wewe mtoto ndiye uliyechelewa.

#26 Kijana wa Pangani
@Binti Siyu hapo umenipiga pabaya. Leo jioni nimempigia Bi Mwanaisha wa jirani (jina nimelibadilisha), nikamuuliza kama anajua mama anatunga. Akasema, "Nani asiyejua? Harusi zote za mtaa huu nyimbo za unyago na za kumtoa biharusi ni zake." Mimi nimekulia nyumba ile. Nyimbo hizo nimezisikia nikidhani ni za zamani tu, hazina mwenyewe.

#27 Dada wa Muscat
Subhanallah. Nyimbo za kumtoa biharusi hakuna anayeuliza nani katunga.

#28 Ngosha wa Isamilo
Mimi kutoka bara naongeza Bi Kidude. Najua alikuwa mwimbaji, msinirukie. Lakini mama yule kaimba taarab na unyago miaka mingapi hapo Unguja kabla dunia haijampa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005? Alifariki Aprili 2013. Shibata Januari 2013. Mwaka mmoja umewachukua wote wawili.

#29 Mwalimu Mstaafu
Ngosha, mfano mzuri, lakini Bi Kidude Unguja alikuwa anajulikana zamani. Ni hoja ya Binti Siyu tena. Dunia ndiyo iliyochelewa, Unguja haikuchelewa.

Hata hivyo nisiache hoja yangu ya mlango. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, anajua kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu, ana wanakili. Shibata alikuwa na gazeti. Mama wa Pangani ana mtaa. Mtaa ukihama, au wazee wake wakiisha, nyimbo zinakwenda nao. Karatasi ina kazi yake.

#30 Malenga Mdogo
Nimekaa kimya nikitunga. Pokeeni ubeti mmoja, kwa mama wa Pangani:

*Jioni ina nuruye, si mchana peke yake,*
*Aliyechelewa naye, ana haki asikike,*
*Tumpe kiti akaye, kalamuye iandike,*
*Na mama yetu ajaye, tumngoje atamke.*

#31 Mkaidi
Nimehesabu. Kumi na sita kumi na sita, vina vimesimama. Hongera kijana. Huyu nitamsoma hata akiwa na miaka 20.

#32 Binti Siyu
Vidole vya Mkaidi leo vimefurahi.

#33 Nesi wa Zamu
@Malenga Mdogo, "aliyechelewa" tena? Nilidhani tumeshakubaliana hakuchelewa.

#34 Malenga Mdogo
Dada nesi, mizani ilinibana 🙏

#35 Msomaji wa Usiku
Nirudi kwa Mkaidi, maana swali lake la umri halijajibiwa na si swali baya. Toyo akiwa na miaka 45 ingekuwa mwaka 1956. Ana mtoto wa shule, mume mpishi, nchi ndiyo kwanza inanyanyuka kutoka vitani. Kama angeandika wakati ule asingeandika haya. Kuna shairi anasema hata mtu wa miaka 98 hupenda, huota ndoto, hutamani kupanda juu ya wingu, na katika shairi hilohilo anakiri aliwahi kutaka kufa mara nyingi. Mtu wa miaka 45 akisema hayo ni maneno. Kwa hiyo ndiyo, umri umo ndani ya mashairi. Haukubandikwa na mchapishaji peke yake. Sauti yenyewe inatoka humo.

Ila sitaki kusema ilikuwa lazima angoje. Hatujui mashairi gani ya miaka 45 hayakuandikwa.

#36 Mkaidi
Hapo nakaa chini nifikiri. Sijakubali bado.

#37 Kadogo
Mleta uzi, mama amesemaje? Tunangoja.

#38 Kijana wa Pangani
Wakuu, samahani kwa kupotea siku tatu. Nilikwenda Pangani.

Nilimuonyesha mama uzi huu. Nilimsomea wote, pamoja na mliyobishana. Alinyamaza muda mrefu. Nikamuuliza lile la Mwalimu, kama aliwahi kupeleka gazetini. Akasema alipeleka mara moja, 1987, kwa jina la kaka yake, kwa sababu aliona majina mengi pale ni ya wanaume. Halikutoka. Hakupeleka tena. Hakusema kwa uchungu, alikuwa anachambua mchele.

Kuhusu bibi wa Japani aliuliza kitu kimoja tu: "Na hela ya mazishi ilirudi?" Nikamwambia ilirudi mara nyingi. Akasema, "Basi mtoto wake alilala usingizi."

Tumeanza kurekodi kama alivyoshauri Mpiga Chapa. Daftari la kwanza tumefika nusu. Huu ameruhusu niuweke, ni wa 1986, mimi nilikuwa mgongoni:

*Chungu changu hakichoki, tangu kucha ki jikoni,*
*Nami neno siliweki, nalificha kifuani,*
*Wana wakipata haki, nitalitoa nuruni.*

#39 Binti Siyu
Allah. "Nitalitoa nuruni." Na sisi tunabishana nani kachelewa.

#40 Mkaidi
Sina neno. Mwambie mama, shikamoo yake kutoka Tanga mjini, Chumbageni.

#41 Mpiga Chapa
Nakala 100 za kwanza karatasi natoa mimi. Mnilipe wino na jalada tu. Nitumie ujumbe pembeni.

#42 Mwalimu Mstaafu
Hilo "ki jikoni" la mshororo wa kwanza, mwulize mama kama ndivyo alivyoandika au wewe umelinakili vibaya. Kama ni lake, msiliguse. Wahariri wa mjini watataka kuandika "kiko" na mizani itazidi.

#43 Kijana wa Pangani
Ni lake, Mwalimu. Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Amesema lisiguswe.

Pia amesema Malenga Mdogo ameandika apewe kiti. Mwambieni kiti anacho, anachotaka ni miwani. Daftari la tatu aliliandika kwa penseli na halioni.

#44 Nesi wa Zamu
Alipimwa macho lini mara ya mwisho? Kama hajapimwa, usimnunulie ya mtaani. Uliza hospitali ya wilaya siku ya kliniki ya macho, umpeleke asubuhi na mapema, na daftari aende nalo ajaribie.